Bomu la Kupikia Nyama

Swaliki wa Tororo alikuwa na suti moja, kalamu mbili na kazi sita. Suti aliivaa kila siku, kalamu hazikuwa na wino, na kazi zilibadilika kufuatana na mtu aliyesimama mbele yake. Kwa wakulima wa Paya alikuwa Bwana Mifugo, aliyewauzia unga wa kuwafanya kuku watage mara mbili kwa siku. Unga ulikuwa majivu na pilipili. Kuku walitaga mara ile ile ya zamani, ila kwa kelele zaidi. Kwa abiria wa gari moshi alikuwa mkubwa wa stesheni, aliyewauzia nafasi ya kusimama. Siku tunayoanza nayo, katika mwaka wa pili baada ya Uhuru, kazi zote sita zilikuwa zimelala kwa pamoja, na ndiyo maana alijikokota hadi kwenye mnada wa mzungu.

Mzungu mwenyewe, mtu wa mambo ya saruji, alikwisha kwenda kwao na mkewe. Vyombo vya nyumba yao, chini ya lile jabali la Tororo, viliachwa mikononi mwa karani Oboth. Oboth alirudi kutoka vita vya Bama dhidi ya Wajapani akiwa na medali moja na sikio moja linalosikia, na tangu hapo aliogopa mambo mawili tu duniani: karatasi kupotea na kitu chochote kupasuka.

Vitanda viliuzwa. Viti viliuzwa. Hata picha ya mbwa wa mzungu iliuzwa, akainunua mtu asiyekuwa na mbwa. Swaliki akazunguka hadi jikoni, na huko akakiona kitu.

Kilikuwa kama sufuria iliyokwenda jeshini. Kimo chake kilifika gotini, kuta zake nene, na kifuniko kilishikwa kwa skrubu sita kana kwamba ndani kuna mfungwa. Juu ya kifuniko palikuwa na saa yenye mshale mmoja tu, na kando ya saa tundu dogo lililofunikwa kwa kijiwe cha chuma. Swaliki hakujua ni kitu gani. Lakini alijua kwamba kitu kisichojulikana hakina bei, na kitu kisicho na bei huuzwa kwa bei ya muuzaji.

Kando ya kitu hicho alisimama mama mmoja mnene, ana kuku wawili kwapani. Huyo ndiye Akongo, aliyepika katika jiko lile kwa miaka tisa na ambaye bado alitunza funguo za nyumba.

"Karani," alikuwa akisema, "hii memsahibu alinipa mimi. Ndiyo ahsante yangu ya miaka tisa. Lakini sitaki maneno, nimekuja na kuku."

"Alikupa kwa karatasi gani?" Oboth akauliza.

"Kwa mdomo wake."

"Mdomo umepanda meli, mama. Mimi nataka karatasi."

Hapo Swaliki akaingia. Akakitazama kile kitu, akaruka nyuma hatua mbili, akamshika Oboth bega.

"Karani," akasema kwa sauti ya chini, "nani amekigusa hiki?"

"Mimi," Oboth akasema. "Asubuhi. Kwa nini?"

"Kwa mikono miwili?"

"Kwa... kwa mmoja."

"Mshukuru Mungu." Swaliki akatoa kalamu, akaandika hewani. "Mimi ni Injinia Swaliki, wa vitu vinavyopasuka. Hili ni bomu. La vita vile vile vyako."

"Bomu gani!" Akongo akacheka hadi kuku wakastuka. "Hii sufuria. Mimi nimepikia ndani yake miaka tisa."

"Mama," Swaliki akamjibu kwa upole wa daktari anayetoa habari mbaya, "bomu likiwa na umbo la bomu nani atalikaribia? Hawa watu wamesoma."

Oboth alikuwa amekwisha fika mlangoni. Alitaka kitu kile kiondoke mtaani, ikiwezekana kiondoke wilayani. Bei hakuitaja. Alichotaka ni karatasi. Akaandika nakala mbili: *Bomu moja la zamani, lenye saa, limepokewa leo na Injinia Swaliki, ambaye ndiye mwenyewe tangu sasa.* Swaliki akatia saini kwa kalamu ya Oboth. Nakala moja akapewa yeye, nyingine Oboth akamtupia Akongo kutoka mbali.

"Iweke na funguo za nyumba, mama. Isipotee."

"Haitapotea," Akongo akasema, akaikunja, akaitia kifuani. Kisha akamgeukia Swaliki, aliyekuwa anainama kubeba. "Injinia, usisahau mpira."

"Sisahau, mama," Swaliki akasema. Hakujua mpira gani.

Siku mbili baadaye alikuja nyumbani kwa Akongo, sufuria kichwani, kidole kimoja kimefungwa kitambaa. Skrubu sita zilikuwa zimemshinda, na ya nne ilikuwa imemuuma.

Akongo alikuwa uani anachambua maharage. "Karibu, Bwana Bomu," akasema bila kuinua uso. "Limepasuka?"

"Mama yangu, tusirudi kwenye mambo ya zamani. Niambie tu, hiki kitu kinafanya nini?"

Akongo aliingia ndani, akatoka na chupa pana ya kioo, mdomo mkubwa, kifuniko cha bati kimebana. Ndani mlikuwa na nyama. Akakiinua kifuniko kidogo kwa ncha ya kijiko, mahali fulani, kwa namna fulani, chupa ikahema *fff*, kikafunguka. Namna hiyo Swaliki hakuiona, kwa kuwa macho yake yalikuwa kwenye nyama. Tuikumbuke sisi, maana yeye hakuikumbuka.

"Kula."

Swaliki akala. Nyama laini, ina chumvi yake, ina mafuta yake.

"Umechinja leo?"

"Krismasi iliyopita."

Swaliki akaacha kutafuna. Machoni pake walipita wachinjaji wote wa Busia, pande zote mbili za mpaka, na nyama yao inayoharibika kabla ya jua kushuka, na mifuko yao isiyoharibika kamwe.

"Mama Akongo," akasema, "wewe na mimi tumeletwa na Mungu."

"Wewe umeletwa na skrubu. Kaa chini nikufundishe, usije ukaua watu."

Akamfundisha. Kwanza akaiweka sufuria juu ya jiwe bapa, akaisukuma kwa kidole. Ikikaa imara, kitako chake ni kizima. Ikicheza, usiinunue hata ukipewa na kiti cha kukalia. Akapitisha ukucha ukingoni kote, kwa maana hata mkwaruzo mdogo ni mlango wa mvuke. Akahesabu skrubu: sita, zote zinazunguka. Kisha akainua kifuniko juu.

"Chungulia hilo tundu. Waona mbingu?"

"Naiona."

"Basi, kila mara kabla ya kupika, chungulia. Ukiiona mbingu, pika. Usipoiona, utaiona kwa karibu."

Swaliki akaandika maneno hayo kwa kalamu isiyo na wino.

"Na hii saa inapima nguvu ya mvuke. Kila mwaka memsahibu aliipeleka kwa mafundi ipimwe, kwa sababu saa ya namna hii ikizeeka inasema uongo."

"Kama watu."

"Kama watu fulani. Na hapa ndani ya kifuniko hukaa mpira." Akauvuta mpira wa zamani, mkavu, ukakatika mkononi mwake kama utepe wa muhogo. "Huu umekufa. Bila mpira mzuri mvuke unatoroka, na nyama iliyopikwa bila mvuke wa kutosha haina harufu mbaya, haina rangi mbaya. Inakaa kimya ndani ya chupa, inakungoja, inakuua. Umesikia?"

"Nimesikia. Sasa mpira mwingine tunaupata wapi?"

Akongo akatoa mkebe wa kakao. Ndani yake, umejikunja kama nyoka aliyeshiba, ulikuwapo mpira mpya, unang'aa mafuta. "Memsahibu aliagiza Ulaya. Huu uko kwangu."

Wakatazamana. Mmoja ana sufuria, mmoja ana mpira. Serikali nyingi zimeundwa kwa kidogo kuliko hicho.

Mapatano yakawa hivi: Akongo atapika mara mbili, mbele ya watu wawili wa Swaliki. Maneno ya kuwaambia watu hao ni ya Swaliki mwenyewe, Akongo hataki kuyajua. Mpira utalala kwa Akongo kila siku. Na baada ya mara ya pili, sufuria ni ya Akongo, yote, na skrubu zake.

"Nakuapia kwa kaburi la babu," Swaliki akasema.

Babu yake alikuwa hai, anauza samaki Majanji.

Wa kwanza alikuwa Omaido, mchinjaji wa Busia upande wa Uganda. Nyama ya Omaido siku ya kwanza iliuzwa kwa macho, siku ya pili kwa maneno, siku ya tatu kwa watu wenye mafua. Swaliki alimkuta anafukuza nzi kwa tawi, akampa salamu ndefu, akamvuta kando.

"Mzee, nzi hawa watakula mali yako mpaka lini? Wakubwa wa Kampala sasa wanataka nyama ya chupa. Haipati nzi, haipati jua, inakaa mwaka. Lakini sufuria yake ni moja tu, Uganda nzima."

"Nani anayo?"

"Nashindwa hata kukwambia. Wanaoitaka ni wengi."

Omaido akatazama huku na huku, akamvuta kando zaidi, mpaka wakawa nyuma ya banda. "Mimi nataka mbele yao."

Siku iliyofuata Akongo alikuja na mkebe wake. Akachungulia tundu, akapaka mpira mafuta, akamimina maji ya vidole vitatu, akapanga chupa kumi na mbili juu ya sahani yenye matundu. Moto ukawaka. Akaacha mvuke utoke bure muda wa kutosha, ndipo akakiweka kile kijiwe juu ya tundu, na kikaanza kucheza, *chi-chi-chi*, kama mzee anayecheka peke yake. Saa moja na nusu hakuuacha moto ule hata kidogo. Omaido alikuja mara nane kutazama mshale.

"Mama," akanong'ona, "nyama ya juzi naingia pia? Ile ya chini ya meza?"

"Nyama iliyooza ikiingia, inatoka imeoza. Ila imefungwa vizuri."

Omaido akasikitika, lakini si sana. Chupa zilipopoa, moja ikafunguliwa. Akala, akafumba macho. Kisha akafumbua, akaulizia bei.

Swaliki hapendi pesa katika mambo kama haya. Noti zina namba, na namba zina kumbukumbu. Alitaka fahali. Omaido akalia, akaapa, akawataja watoto wake wote kwa majina, akatoa fahali mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda.

"Ahsante, mzee. Sasa sufuria ni yako. Sahihi, kabisa, yako wewe na wanao. Basi naichukua."

"Unaichukua? Nimetoa fahali, wewe nachukua?"

"Saa yake, mzee. Saa ya sufuria lazima ipimwe kila mwaka, la sivyo inasema uongo. Muulize mama."

Omaido akamgeukia Akongo. "Ni kweli?"

"Ni kweli kabisa," Akongo akasema, kwa maana ilikuwa kweli kabisa.

"Mafundi wako Kisumu," Swaliki akaongeza, na hii ilikuwa yake mwenyewe. "Majuma matatu, manne."

"Na mimi hapa nafanya nini bila sufuria?"

"Unamiliki, mzee. Kumiliki nako ni kazi."

Alasiri ile ile Swaliki alivuka mpaka na sufuria kichwani. Fahali alipelekwa uani kwa Akongo, kwa kuwa chumba cha Swaliki nyuma ya duka la fundi cherehani hakikumtosha hata yeye.

Wa pili alikuwa Sulaiti, mwenye duka Busia ya Kenya, mtu safi, kofia nyeupe, mizani yake nyepesi kidogo. Yeye hakutaka kusikia habari za wakubwa. Alitaka kujua nani atachinja.

"Wewe mwenyewe utachinja, hajji. Sufuria haina dini."

"Na mwenzangu wa ng'ambo, Omaido, hajaiona?"

"Omaido ataisikia redioni."

Sulaiti akatabasamu. Hakuna kilichomfurahisha kama kumtangulia Omaido. Akongo akapika tena, mbuzi safari hii, na Sulaiti akatoa baiskeli mpya, ambayo bado ilikuwa imefungwa karatasi za dukani. Kisha akaambiwa habari ya saa. Kwake yeye mafundi walikuwa Kampala. Kwa wengine wote mpaka wa Busia ulikuwa mti uliolazwa barabarani. Swaliki alikuwa amegundua kwamba ni ukuta, na kwamba kila upande wa ukuta sufuria inaweza kuwa na mwenyewe.

Wakiwa njiani kurudi Tororo, yeye juu ya baiskeli, Akongo kwa miguu na mkebe wake, mama akasema, "Basi. Mara mbili zimekwisha. Nipe sufuria yangu."

"Mama yangu, juma moja tu. Niisugue, nikuletee inang'aa."

"Inang'aa tayari."

"Ndani."

Akongo akamtazama kwa muda mrefu, namna anavyotazamwa kuku anayekaribia jikoni. "Haya, mwanangu. Mpira unalala kwangu."

Swaliki akapiga kengele ya baiskeli, akaondoka. Njia nzima aliwaza jambo moja. Ng'ombe wa maziwa haachiwi mtu kwa sababu umemwahidi. Bado kulikuwa na Mukuju. Mukuju kulikuwa na Okware, mnunuzi wa pamba, na Okware alikuwa na pikipiki. Mtu mwenye pikipiki na sufuria kama ile angefika Mbale jioni, Soroti kesho, na duniani kote mwisho wa mwezi. Kilichopungua ni mpira tu. Na mpira, Swaliki akajiambia akitazama gurudumu la mbele, ni mpira.

Siku ya soko la Mukuju alipanga mawe matatu katikati ya uwanja, akatandika suti juu ya tumbo lililojaa matumaini, akaanza.

"Njooni mwone! Nyama isiyojua tarehe! Mzee Okware, njoo mbele, hili ni jambo la watu wenye macho!"

Okware akasogea, pikipiki ikisukumwa kando yake kama mke mpya. Watu wakajaa. Wanawake wakaacha mihogo, wanaume wakaacha mtungi wa pombe na mirija yao mirefu ikining'inia. Swaliki akaisukuma sufuria kwa kidole, akapitisha ukucha ukingoni, akaeleza habari za kitako na mkwaruzo kwa Kiswahili cha redioni. Tundu hakuchungulia. Alikuwa amelieleza vizuri sana hata akaona haina haja.

"Na hiki ni nini hapa?" mama mmoja akauliza, akionyesha kidude kilichochomoza chini ya kifuniko. "Kama pua ya mpira wa baiskeli."

"Ni mashine mpya, mama. Imetoka Ulaya juzi."

Moto ukawashwa. Okware akauliza, "Na mkiichukua nyama hii hospitali, au kambini, wananunua?"

"Wanagombania, mzee."

"Basi pikipiki ni yako, nikishaonja."

Muda ukapita. Kijiwe hakikucheza wala hakikucheka. Tundu lilikuwa limezibwa na kipande cha mafuta ya mbuzi wa Sulaiti, kimekaukia humo tangu Busia, na mshale wa saa, uliokuwa umelala, ukaamka, ukaanza kupanda. Kisha kukatokea sauti nyembamba, kama mtu anayepuliza filimbi kwa hasira. Harufu ya mpira unaoungua ikajaa sokoni. Pua ya mpira wa baiskeli ikatetemeka, ikavimba, ikaruka *pwaa!* juu ya vichwa vya watu na kutua ndani ya mtungi wa pombe. Mvuke ukafuata, mweupe, unanguruma.

"Bomu!" mtu akapiga kelele.

Mukuju ikakimbia. Mihogo ikakanyagwa. Okware akajaribu kuwasha pikipiki, akasahau namna, akaibeba. Swaliki naye alikuwa amekwisha geuka akimbie, lakini njia ilikuwa imezibwa na watu watatu wanaokuja upande wake bila haraka yoyote. Katikati Akongo. Kulia Omaido. Kushoto Sulaiti.

Alichokuwa hajui Swaliki ni kwamba asubuhi ile Omaido alikuja uani kwa Akongo kuuliza kama saa imerudi kutoka Kisumu, akamkuta fahali wake anakula nyasi. Na kwamba kabla hajamaliza kushangaa, Sulaiti naye alipiga hodi, kuuliza kama saa imerudi kutoka Kampala. Wote watatu wakaulizia njiani mtu mwenye suti na sufuria, wakaelekezwa Mukuju.

"Ondoeni kuni!" Akongo akaita. "Kuni tu! Kifuniko mtu asiguse, mpaka mshale urudi chini wenyewe. Atakayefungua sasa hivi atakwenda nacho."

Akazivuta kuni mwenyewe kwa mguu. Ngurumo ikapungua. Watu wakaanza kurudi, mmoja mmoja, kila mmoja akieleza kwamba hakukimbia. Pamoja nao akaja askari Emong, kofia mkononi, kwa kuwa ilimdondoka alipokuwa hakimbii.

"Nani mwenyewe ya hii kitu?" akauliza.

"Mimi," Omaido akasema. "Nimetoa fahali."

"Mimi," Sulaiti akasema. "Nimetoa baiskeli. Tena ule mpira ulioruka ni wangu, ndio wa gurudumu la mbele."

"Mimi bado," Okware akasema kwa mbali. "Mimi nilikuwa napita."

Emong akamgeukia Swaliki. "Wewe?"

Swaliki akashusha pumzi. Amewahi kutoka katika mashimo mabaya zaidi ya hili. "Afande, hawa wazee wamechanganya mambo. Hii ni sufuria ya kupikia tu, mali yangu halali, nayo karatasi ninayo..." Akaingiza mkono mfukoni, akakumbuka karatasi ile inasemaje, akautoa mkono mtupu.

"Karatasi iko," Akongo akasema. Akatia mkono kifuani, akamkabidhi Emong.

Emong akasoma polepole, midomo ikitembea. Alipofika neno la kwanza akasogea nyuma kidogo. Alipofika kwenye saini akainua macho.

"Injinia Swaliki ni nani?"

Soko zima likaonyesha kwa kidole.

"Hapa nasema umepokea bomu. Wewe mwenyewe umetia saini. Sasa hii ni bomu, au ni sufuria?"

Ndugu msomaji, Swaliki alikuwa na maneno kwa kila mlango, lakini hapa palikuwa na milango miwili na yote inafungukia ndani ya seli. Mshale wa saa ulikuwa unashuka taratibu, na watu wote walimtazama yeye kama walivyoutazama mshale huo.

"Msaidie, afande," Akongo akasema. "Ikiwa sufuria, alimwibia mzungu kwa uongo. Ikiwa bomu, ameliwashia moto sokoni. Achague mwenyewe, sisi hatuna haraka, bado inapoa."

"Mama," Swaliki akanong'ona, "mama yangu, tusaidiane."

"Tusaidiane vipi?"

"Sema ni yako. Sema memsahibu alikupa."

"Hayo nilisema, karani akataka karatasi. Wewe sema. Tena sema na wa kule nyuma wasikie."

Swaliki akautazama mkanda wa Emong, wenye pingu. "Ni sufuria," akasema. "Ni ya mama Akongo. Alipewa na memsahibu. Lile neno la bomu lilikuwa... lilikuwa mzaha na karani."

"Na wewe ulikuwa nani?"

"Mchukuzi wake."

"Na fahali, na baiskeli?"

Hapo Swaliki akauona mtego wote, kuta zake na paa lake, na akaona kwamba ameujenga mwenyewe. "Nilimpokelea yeye," akasema, kwa sauti iliyokosa wino kama kalamu zake.

Emong akayaandika hayo mgongoni mwa karatasi ya Oboth, Swaliki akatia saini. Emong alifurahi kwamba kazi imekwisha bila bomu, kwa kuwa bomu ni ripoti ya kurasa nne.

Mshale ukagusa chini. Akongo akafungua skrubu moja baada ya nyingine, akatoa chupa, akazitazama kwenye mwanga wa jua, akazimwaga zote katika shimo na kuagiza lifukiwe. Okware akasema nyama ile inaonekana nzuri tu. Akongo akamwambia hata marehemu wengi walikuwa wanaonekana wazuri tu. Likafukiwa.

Kisha akahukumu. Sulaiti akarudishiwa baiskeli yake, bila mpira wa mbele. Omaido akadai fahali.

"Utampata, mzee. Nusu."

"Nusu namna gani? Ile hai!"

"Nusu ndani ya chupa, nitakupikia mimi. Nusu nyingine ni ujira wa kupika, na wa kunyamaza. Au unataka niwaeleze hawa wateja wako habari ya nyama ya chini ya meza?"

Omaido akakubali nusu.

Sufuria ikapanda kichwani pa Akongo. Ilikaa hapo vizuri, kana kwamba imepimwa. Hatua chache akasimama, akageuka, akatoa chupa moja kikapuni. Ilikuwa ya lile pishi la kwanza la Busia, nzima, imebana.

"Mchukuzi hakosi ujira," akasema. "Shika, mwanangu. Usije ukasema nilikunyima."

Njia ya kutoka Mukuju hadi Tororo ni ndefu kwa mtu aliyezoea baiskeli kwa siku tano tu. Jua lilikuwa juu, tumbo lilikuwa chini, na nyama ilikuwa kwenye kioo, laini, ina mafuta yake. Swaliki akajaribu kufungua kwa mkono. Akajaribu kwa meno. Akaishika kati ya magoti, akalikunja shati kuizunguka, akaipiga kitakoni, akaisemesha. Alitafuta kijiwe, akakumbuka kwamba kioo kikivunjika nyama hailiwi. Akajaribu kukumbuka kijiko cha Akongo kiliingia wapi, na alichokikumbuka ni ladha tu.

Mbele yake akatokea mtu, mzee wa Paya, ana mkeka mpya begani. Swaliki akaweka suti sawa, akapanga kalamu mbili mfukoni, akainua chupa juu ili jua lipite ndani yake.

"Mzee wangu, habari za safari! Unajua hiki ni kitu gani? Hii ni nyama ya Krismasi iliyopita, haina nzi, haina harufu, wakubwa wa Kampala wanaililia. Ngoja, wewe una uso wa mtu mzuri. Nitakuachia kwa mkeka huo tu."

Yule mzee alikuwa mmoja wa wenye kuku waliotaga kwa kelele. Akaweka mkeka chini, akaukalia, akamtazama Swaliki tangu viatu hadi kalamu.

"Sawa, Bwana Mifugo," akasema. "Fungua nionje."